Sura ya Saba: Kidonda Kinapolowa Tena

Mtu aliyepasuliwa fistula ya njia ya haja kubwa huondoka wodini na maagizo mengi: akalie maji ya uvuguvugu, ale mboga na matunda, anywe maji ya kutosha, arudi kliniki tarehe fulani. Swali linalomkaa moyoni huwa hajaliuliza. Nitajuaje kama imerudi? Hakuliuliza kwa sababu foleni ilikuwa ndefu, au muuguzi aliyempa maelekezo ni wa umri wa binti yake, au kwa sababu kuitaja sehemu ile mbele za watu kunamtia haya. Basi anarudi nyumbani, Mlimba au Mngeta, Kiberege au ng'ambo ya mto kule Lupiro, na kidonda ambacho hajafundishwa kukisoma.

Nalisema mapema jambo ambalo ningependa kila mgonjwa wa bonde hili la Kilombero alishike. Unyevu peke yake hausemi kitu. Kinachosema ni mwelekeo wake. Kidonda kinachopunguza maji wiki hadi wiki kinapona, hata kikienda polepole. Kidonda kilichokwisha kukauka kisha kikalowa tena kinataka kuangaliwa na daktari, hata kama hakiumi.

Tuanze na maradhi yenyewe. Ndani ya njia ya haja kubwa, sentimita chache tu kutoka mlangoni, kuna vitezi vidogo vinavyotoa ute. Kimoja kikiziba na kuingiwa na vijidudu, usaha hujikusanya na kutafuta pa kutokea. Hapo mtu huota jipu pembeni ya tundu la haja. Haketi, halali, mpaka jipu lipasuke lenyewe au lipasuliwe. Wengi hupona wakasahau. Lakini kwa karibu mtu mmoja kati ya watatu, na katika tafiti nyingine hadi nusu yao, njia iliyochimbwa na usaha haifungi. Unabaki mfereji mwembamba, ncha moja ndani kwenye kitezi kilichoanza mambo, ncha nyingine nje kwenye ngozi, nao unapita katikati au kando ya misuli inayomwezesha binadamu kuzuia haja. Hiyo ndiyo fistula.

Jina hili Tanzania limezoeleka zaidi kwa fistula ya uzazi, ile inayompata mama aliyekaa na uchungu muda mrefu bila msaada. Kazi ya miaka mingi ya hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam imelifikisha jina hilo hadi vijijini, na ni kazi ya kushukuriwa. Ila matokeo yake mengine ni kwamba mwanamume akisema ana fistula, wenzake humtazama kama anayetania, naye huamua kusema ana bawasiri. Neno bawasiri nalo hubebeshwa kila kitu: uvimbe, mchaniko, jipu, kuwashwa. Mgonjwa anayetaka kusaidiwa aeleze anachokiona badala ya kutafuta jina. Na mwanamke anayeona upepo au kinyesi kikipita ukeni aseme hivyo wazi, maana hiyo ni fistula nyingine na matibabu yake ni mengine.

Upasuaji hutegemea mfereji umepita wapi. Ukiwa chini, umegusa misuli kidogo tu, daktari huufungua wote na kuuacha wazi ujijaze kuanzia chini kwenda juu. Ukiwa umepanda na kushika misuli mingi, kuufungua wote kungemwacha mgonjwa hawezi kuzuia upepo wala choo. Hapo hupitishwa uzi ndani ya mfereji ukafungwa kitanzi, usaha uendelee kutoka na uvimbe utulie, kisha baada ya wiki au miezi daktari huchagua namna ya kulifunga tundu la ndani bila kukata misuli. Aina ya kwanza, ikifanywa na mkono uliozoea, hurudi kwa chini ya mtu mmoja katika kumi. Aina ya pili hurudi zaidi: njia za kuhifadhi misuli hushindwa kwa karibu mtu mmoja katika watatu, na kwa fistula zenye matawi hata zaidi ya hapo. Mgonjwa anastahili kuambiwa hivi kabla hajatia saini karatasi ya ridhaa. Akiambiwa, siku usaha utakaporudi hatajilaumu kwamba alikula pilipili au alilala na mkewe mapema, na hatakimbilia kuamini kwamba amerogwa.

Kurudi kwa fistula ni jambo la kale, wala si la maskini peke yao. Mfalme Louis XIV wa Ufaransa alipasuliwa fistula tarehe 18 Novemba 1686, katika jumba lake la Versailles, na daktari Charles-François Félix, ambaye alikuwa amefanya mazoezi kwa miezi kadhaa kwa wagonjwa wa hospitali za Paris kabla ya kumgusa mfalme. Upasuaji ulisifiwa kila mahali. Kinachosimuliwa kwa nadra ni kilichofuata: kidonda hakikujifunga vizuri, na Desemba hiyohiyo ikabidi kikatwe tena kabla mfalme hajapona mwanzoni mwa mwaka 1687. Alikuwa na madaktari waliokitazama kidonda chake kila siku, wakaona mapema kwamba kinaziba juu kabla ya kujaa chini. Kule London, daktari Frederick Salmon alifungua mwaka 1835 zahanati ya maskini wenye fistula na maradhi mengine ya sehemu hiyo, ambayo baadaye ikawa hospitali ya St Mark's. Mmoja wa aliowapasua, mwaka 1841, ni mwandishi Charles Dickens, bila ganzi yoyote, kwa kuwa ganzi ilikuwa haijagunduliwa. Mengi wanayoyajua madaktari wa leo kuhusu njia za mifereji hii yametoka hospitali hiyo, pamoja na mpangilio wa aina nne za fistula alioutoa daktari Alan Parks mwaka 1976, ambao bado unatumika hadi sasa.

Sasa turudi kwenye kidonda chako.

Wiki mbili za kwanza kidonda kilichoachwa wazi hulia sana. Hutoa maji ya rangi ya damu iliyochujuka, ute wa manjano, na matone mekundu baada ya choo. Juu yake huonekana utando wa njano unaomtisha mtu asiyeuzoea. Huo peke yake si usaha. Harufu kidogo ipo, kwa sababu mahali penyewe ni pale. Kuanzia wiki ya tatu mambo hubadilika: nyama ndani ya kidonda huwa nyekundu yenye punje ndogondogo, kina hupungua, maji huwa mepesi. Kidonda cha kawaida hufunga kati ya wiki 4 na 8. Kikubwa huweza kufika wiki 12. Mwenye kisukari, mvutaji wa sigara na mwenye upungufu wa damu huchelewa zaidi.

Aliyewekewa uzi asijilinganishe na wengine. Uzi umewekwa ili usaha utoke, na kwa muda wote utakaokuwepo atalowa kidogo kila siku. Kwake habari mbaya ni kinyume chake: siku mbili hakuna tone, na mahali panaanza kujaa na kupiga. Maana yake njia imeziba na jipu linaumbika nyuma yake. Uzi ukikatika au ukitoka wenyewe, arudi hospitali wiki hiyohiyo, asiseme afadhali nimepumzika nao.

Kufuatilia hakuhitaji kifaa chochote. Wengi huweka pedi au kitambaa safi cha pamba ndani ya nguo. Jioni, kabla ya kukalia beseni, kitazame kitambaa kwenye mwanga. Doa lina ukubwa gani, la kiganja au la kidole gumba? Ni maji, ute, damu au usaha mzito wa rangi ya maziwa yaliyoganda? Umebadilisha mara ngapi leo? Andika kwenye daftari au kwenye kalenda ya ukutani, neno moja au mawili. Baada ya mwezi ukurasa ule utamsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa, kwa kuwa kumbukumbu ya mtu anayeumwa hupotea, na mtu mwenye hofu hukumbuka siku mbaya tu.

Fistula inayorudi huanza kwa upole. Kidonda kimefunga, mtu ameshaacha kuvaa kitambaa, ameanza kuendesha baiskeli. Siku moja anaona doa dogo kwenye chupi, la manjano au la kahawia. Anafikiri ni jasho. Wiki inayofuata doa jingine, na ngozi ya pembeni inawasha kwa sababu ya unyevu. Kisha panakuja uzito, hisia ya kitu kilichojaa upande uleule, unaozidi akikaa kwenye benchi la mbao au siti ya bodaboda. Maumivu yake hayaji na choo kisha yakaondoka. Yanakaa na kupiga usiku. Siku tatu nne baadaye kinatokea kipele juu ya kovu au karibu yake, kinapasuka, usaha unatoka, na maumivu yote yanaisha kwa mara moja.

Nafuu hiyo ndiyo inayodanganya kuliko dalili zote. Mtu huamini jipu limekwisha. Tundu hufunga juu, yeye huenda shamba, na baada ya wiki tatu au miezi miwili mzunguko unaanza tena: kujaa, kupiga, kupasuka, nafuu. Jipu lililotokea mara mbili mahali palepale baada ya upasuaji wa fistula lihesabiwe kuwa ni fistula mpaka daktari aseme vinginevyo. Mimi ningependa mtu asiingoje hata hiyo mara ya pili.

Kipo kipimo kidogo cha kidole ambacho kila mtu anaweza kukifanya, kwa mikono iliyonawa kwa sabuni, akiwa amechuchumaa au amelala ubavu. Pitisha kidole taratibu juu ya ngozi kutoka kwenye kovu kuelekea tundu la haja. Ngozi iliyopona ni laini na inasogea; kovu lenyewe huwa gumu kidogo, lakini limetulia. Mfereji uliorudi huhisiwa kama kamba nyembamba ya wavu iliyolazwa chini ya ngozi, ukielekea ndani, na pengine ukiugusa tone huchungulia kwenye kovu. Usiukamue. Kukamua husukuma uchafu pembeni na kufungua tawi jipya. Ukishaihisi kamba hiyo, kazi yako imekwisha. Iliyobaki ni ya daktari.

Kuna kutokupona ambako mtu hukuita kurudi. Ikiwa kidonda hakijawahi kukauka hata siku moja na wiki 12 zimepita, huenda fistula haikurudi, ilibaki: tundu la ndani halikupatikana, au tawi lilifichwa na uvimbe wa siku ile. Vilevile kidonda huweza kushikana juu kama daraja huku chini kuna uwazi, kama ilivyompata yule mfalme. Kliniki za wiki ya kwanza, ya pili na ya nne zinawekwa kwa sababu hii. Daktari hupitisha kidole, huachanisha ngozi iliyojishika kabla ya wakati, na dakika mbili hizo za maumivu humwepusha mgonjwa na upasuaji mzima. Anayeruka kliniki kwa kuwa anajisikia vizuri hupoteza kitu kikubwa kuliko anavyojua.

Si kila shida ya pale ni fistula. Maumivu makali ya kuchana wakati choo kinapita, yenye damu mbichi kidogo, mara nyingi ni mchaniko, na chanzo chake ni choo kigumu. Damu nyingi bila maumivu yoyote huweza kuwa bawasiri yenyewe. Kuwashwa kwenye mikunjo wakati wa joto la Januari mara nyingi ni fangasi. Na kutokwa na upepo bila kutaka, au kuchafuka kidogo, si dalili ya kurudi; ni dalili kwamba misuli imeguswa, na inatakiwa kutajwa kliniki bila aibu, kwa sababu daktari hawezi kupanga upasuaji mwingine bila kujua misuli iliyobaki inafanya kazi kiasi gani.

Zipo dalili zisizongoja kliniki. Homa ya kutetemeka, uvimbe unaokua kwa saa, kushindwa kukojoa, ngozi inayogeuka kuwa ya zambarau au nyeusi na kutoa harufu ya kuoza: huyo aende hospitali siku hiyohiyo, hata usiku, na kama ana kisukari asimalize hata saa moja akifikiri.

Bonde la Kilombero lina namna yake ya kuchelewesha watu. Msimu wa mpunga, familia nyingi huhama mji na kwenda kuishi shamba, kwenye vibanda na madungu ya kuwingia ndege, wiki kwa wiki, mbali na zahanati na mbali na maji safi. Mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, hugeuza njia kuwa matope, na mto Kilombero hufurika. Daraja la Magufuli, lililozinduliwa mwaka 2018, limewaondolea watu wa Ulanga na Malinyi hofu ya kivuko; mgonjwa wa Mahenge hasubiri tena foleni ya pantoni ili afike hospitali Ifakara. Ila daraja halimtoi mtu shambani wakati wa kupalilia. Aliyepasuliwa Desemba ataambiwa arudi Januari, na Januari ndiyo mwezi ambao mkulima akikosa siku tano amepoteza gunia. Nimeona busara kwa wale wanaokubaliana na daktari tarehe ya upasuaji kwa kutazama msimu, ili wiki 8 za kwanza ziwakute nyumbani, karibu na beseni na maji ya kuchemsha, badala ya kuwakuta ndani ya majaruba.

Maji ya jaruba yenyewe hayaleti fistula. Hata hivyo kidonda kibichi kikikaa kwenye matope kutwa hulainika kingo, huchubuka na kuingiwa na vijidudu, kisha mgonjwa hawezi kutofautisha kidonda kilichochafuliwa na fistula iliyorudi. Wali mweupe mara tatu kwa siku nao hufunga choo. Bonde hili halina uhaba wa dawa ya hilo: matembele, majani ya kunde, mlenda, papai, maembe ya msimu. Choo laini hakizuii fistula kurudi, lakini kinakiacha kidonda kipone kwa amani.

Kuna kituo kimoja ambacho karibu kila mgonjwa hupita kabla ya hospitali, nacho ni duka la dawa muhimu. Morogoro ulikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kupata maduka haya, na yamewafaa watu wengi kwa homa na kuhara kwa watoto. Kwa maradhi yetu mazungumzo huwa mafupi:

"Shikamoo mama. Naomba dawa ya jipu."

"Marahaba mwanangu. Liko wapi hilo jipu?"

"Lipo tu... huku nyuma."

Mama anaelewa, anamsitiri, haulizi zaidi. Anampa dawa za siku tano na diklopa ya maumivu. Usaha unapungua kwa wiki moja, kijana anashukuru, na mfereji uko palepale. Antibiotiki hutuliza uvimbe wa pembeni. Haziwezi kuufunga mfereji uliokwisha kujitengenezea ukuta. Kila dozi huahirisha safari ya Ifakara, na wakati huo mfereji hupata nafasi ya kuchimba tawi. Laiti yule mama angeuliza swali moja tu, "Umewahi kupasuliwa hapo?" na akisikia ndiyo, amwandikie kijana kikaratasi cha kwenda hospitali. Dawa za kukalia mvuke wa mitishamba mikali nazo zina hatari yake: ngozi ya kovu haina hisia kamili, huungua kabla mwenyewe hajajua.

Hospitali ya Mtakatifu Fransisko pale Ifakara ilijengwa kwa kazi ya wamisionari wa Kikapuchini na masista wa Baldegg kutoka Uswisi, na leo ni hospitali ya rufaa inayopokea wagonjwa wa Kilombero, Ulanga, Malinyi na kwingineko. Jirani yake ipo Taasisi ya Afya Ifakara, iliyotokana na maabara aliyoianzisha mwanasayansi Rudolf Geigy mwaka 1957, na chuo kinachofundisha madaktari. Nayataja haya kwa sababu mgonjwa wa bonde mara nyingi hudhani lazima aende Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400, ili aangaliwe. Hatua za kwanza za kujua kama fistula imerudi hazihitaji mashine kubwa. Zinahitaji kitanda, taa, glovu, na daktari asiye na haraka.

Atakulaza kwa ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Atatazama kovu na kutafuta tundu jipya, hata dogo la kichwa cha sindano. Atapapasa nje, kisha ataingiza kidole kilichopakwa mafuta na kutafuta kipele kigumu kwa ndani, ambacho ndicho tundu la kitezi. Atakuomba ubane, apime nguvu ya misuli. Kama panauma sana hatalazimisha. Atapanga uchunguzi chini ya ganzi ya mgongo, ambapo huweza kupitisha kijiti cha chuma chenye ncha butu ndani ya mfereji, au kuingiza haidrojeni peroksaidi kwa bomba la sindano kwenye tundu la nje na kutazama povu linatokea wapi kwa ndani. Povu hilo humwonyesha tundu ambalo macho yalikosa mara ya kwanza. Fistula iliyorudi mara mbili, au yenye matundu mengi, inafaa kupigwa picha ya MRI kabla ya kukatwa tena, kwa sababu matawi yaliyojificha ndiyo sababu kubwa ya kurudi. Hapo safari ya Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, au ya Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ina maana, na mgonjwa aende na barua ya rufaa, asiende mikono mitupu.

Daktari mzuri hatauliza tu mfereji umepita wapi. Atauliza kwa nini mwili huu haufungi. Katika nchi yetu, ambayo ni miongoni mwa 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa TB duniani, swali la kwanza liwe la TB. TB huweza kukaa njia ya haja kubwa, hata kwa mtu asiyekohoa. Fistula inayorudi kila inapokatwa, yenye kingo zilizolegea na usaha mwepesi, kwa mtu anayepungua uzito na kutokwa jasho usiku, inataka nyama ipelekwe maabara na usaha upimwe TB. Ikithibitika, dawa za miezi 6 ndizo zitakazoufunga mfereji ambao kisu kimeshindwa. Wafugaji wa bonde na majirani zao wanaokunywa maziwa mabichi wana sababu ya ziada ya kupima, kwa kuwa ng'ombe nao wana TB yao, nayo hupita kwenye maziwa yasiyochemshwa.

VVU ni swali la pili. Kinga ikishuka, vidonda vya sehemu hii havifungi na majipu hujirudia. Kliniki ya magonjwa sugu ya Ifakara imekuwa ikiwahudumia wenye VVU tangu mwaka 2004, na mtu anayetumia dawa vizuri, virusi vimefubazwa, anaweza kupasuliwa na kupona kama mwingine yeyote. Aliye na kadi ya CTC, yaani ya kliniki ya VVU, aionyeshe. Kuificha kunamnyima daktari nusu ya picha. Kisukari kipimwe kwa tone la damu ya kidole, ni dakika chache. Na kama mtu anaharisha kwa miezi, ana vidonda mdomoni na fistula zaidi ya moja, daktari atafikiria ugonjwa wa Crohn, uvimbe sugu wa utumbo ambao hutibiwa kwa dawa kwanza, kisu baadaye. Fistula iliyokaa miaka mingi bila kutibiwa huweza, kwa nadra sana, kugeuka saratani. Nyama mpya inayoota kwenye tundu la zamani, au damu isiyoeleweka, ikatwe kipande na kupimwa.

Nyingi zinazorudi hujionyesha ndani ya mwaka wa kwanza. Kwa hiyo mwaka ule mzima mtu awe na jicho kwenye kovu lake, hata baada ya kliniki kumwambia kwaheri. Atunze pia karatasi yake ya kutoka wodini. Wengi huitupa au huiacha ilowe kwenye mfuko wa suruali, nayo ndiyo inayosema tundu la ndani lilikuwa upande gani, misuli kiasi gani ilikatwa, na kama uzi uliwekwa. Kama hukupewa maelezo hayo, una haki ya kuyaomba. Piga picha kwa simu, mtumie mtu mmoja unayemwamini. Daktari wa pili anayekukata bila kujua alichokikata wa kwanza anafanya kazi gizani, na kila upasuaji hula misuli kidogo ambayo haioti tena.

Ukiambiwa imerudi, usikubali wala kukataa kisu kabla hujauliza mambo haya: mfereji unapita kwenye misuli kiasi gani, tundu la ndani limeonekana au linakisiwa, TB na VVU vimepimwa, na baada ya upasuaji nitaweza kuzuia upepo? Mara nyingi jibu la awamu hii litakuwa uzi kwanza. Uzi wa awamu hii kwa kawaida hukaa miezi. Mtu huishi nao, hufanya kazi, huenda ibadani, akibadilisha kitambaa na kuosha kwa maji baada ya choo. Ikiwa hakuna homa, usaha una pa kutokea na daktari ameridhika, upasuaji wa mwisho wa kufunga tundu unaweza kupangwa Julai au Agosti, mpunga ukiwa umeshavunwa na njia ya kwenda Ifakara imekauka.